Kuku Wenye Nundu

Kila asubuhi, kabla jua halijauruka ua wa miti ya mathenge, Arbia Kerrow aliingia chumba cha joto na gunia mkononi kuwaokota waliokufa. Alianza na wale wa mlangoni, kwa sababu hao walikuwa wamekufa wakijaribu kutoka, kisha akafuata ukuta hadi kwenye majiko. Kuku waliokuwa hai walimpisha. Walisimama midomo wazi, mabawa wameyaachia mbali na mbavu, wakihema, na shingo zao zisizo na unyoya hata mmoja zilipanda na kushuka kwa kasi. Arbia aliwatolea salamu, akafunga gunia, akalipeleka shimoni.

Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Garissa, upande wa barabara ya Modogashe. Kampuni ilikuwa ya Nairobi na nia yake ilikuwa njema kabisa: kumpata kuku wa nyama anayeweza kunenepa katika nchi ya joto bila kuzimia. Broila wa kawaida akiletwa Garissa hula vizuri siku mbili tatu, akaanza kutweta, akaanguka, na mfugaji akabaki anaitazama miguu ya kuku wake. Kwa hiyo kampuni ilichanganya damu. Ilichukua kuku wa shingo tupu wa kienyeji, ikachukua na wale wa manyoya yaliyojikunja, ikawapandisha na broila wanene, kisha watoto wao wakatiwa katika chumba cha mabati chenye jiko la makaa katika kila pembe. Joto la Garissa peke yake, lile la kulainisha ndala miguuni mwa watu, lilionekana halitoshi. Moto uliongezwa kidogo kidogo mpaka nusu yao wafe. Hapo majiko yalizimwa, na nusu iliyobaki ndiyo iliyofanywa wazazi wa kizazi kingine.

Mtunzaji aliingia na vifaranga na alikaa nao humo uani hadi hiyo nusu ife, ili ugonjwa usiingie kutoka nje. Alilala katika kibanda kilichoegemea chumba cha joto, ukuta mmoja. Chakula kilipitishwa kwenye dirisha la chuma. Mgeni akija, alisimama nje ya waya, na kati yake na mtunzaji palikuwa na mtaro uliojazwa chokaa. Watunzaji waliotangulia walikuwa wamekaa wiki kadhaa, wakatoka wamekonda kidogo, wakaenda zao kupumzika. Haya yote Arbia alielezwa getini, akakubali, maana alikuwa ameshapiga hesabu yake.

Hesabu yenyewe ilikuwa Idman, binti yake wa pekee, ambaye mimba yake ilikuwa imeanza tu kuonekana chini ya dera. Mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na mama yake hukaa naye, akamkanda, akampikia supu, akamfukizia ubani, akamshikia mtoto apate kulala. Mara ya kwanza Idman alipojifungua, mwaka wa ukame, Arbia alikuwa kando ya barabara ya Modogashe akiwainua ng'ombe kwa mikono yake, ng'ombe ambao ukishawainua huanguka upande wa pili. Idman alikaa peke yake na mtoto hakuishi. Ng'ombe nao hawakuishi. Arbia aliingia mjini hana mbele wala nyuma, akiwa na ahadi moja tu kichwani: safari ijayo atakuwepo. Alimpenda yule mtoto asiyemwona na alimjutia kila siku ya Mungu, na hakuna haja ya kulizungusha jambo hilo.

Kwao kuku hakuhesabiwa mfugo. Kuku alikuwa kitu kinachopita uani. Kerrow, baba yake, alikuwa mwenye ngamia, na angesikia kwamba binti yake anachunga ndege angeomba arudiwe hiyo habari. Korane, askari wa getini, mtu wa Griftu mwenye ndevu zilizopakwa hina, hakuiacha nafasi hiyo impite.

"Arbia, leo umewapeleka malisho ya wapi?" alikuwa akimuuliza kupitia dirishani.

"Wewe lichunge geti lako lisikutoroke," Arbia alimjibu, akapokea mkate wake wa anjera.

Kosa alilolifanya lilikuwa dogo, na mtu yeyote wa Modogashe angelifanya. Lori la maji liliharibika njiani, na maji ya mapipa yakawa hayatoshi kuwapa kuku kila walipotaka. Arbia alifanya alivyomwona baba yake akifanya. Ngamia hazaliwi anaijua kiu, hufundishwa. Ukiwa na ndama, unamchelewesha kidogo leo na kidogo zaidi kesho. Humwonyeshi maji kabla ya zamu yake. Zamu ikifika unamwimbia huku ukipiga ndoo, ili mwili wake ujue kwamba maji yapo, yanakuja, na hakuna haja ya kuyalilia. Arbia alifunga vinyweo, akavifungua, akavifunga kwa muda mrefu zaidi. Aliwaimbia kuku wimbo wa kisimani wa baba yake, akiwaweka wao mahali pa ngamia, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu kumsikia, aliimba beti zote. Hakuna aliyemkataza. Hakuna hata mmoja kituoni aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu angefanya hivyo.

Waliokufa walipungua. Kisha ikaja asubuhi ambayo alizunguka chumba kizima akarudi mlangoni na gunia tupu. Siku hiyo alimkuta jogoo mmoja akijilaza. Alipiga magoti kwanza, akatulia, ndipo akashusha kifua taratibu kama ngamia anayeshushwa mzigo. Kufikia wiki iliyofuata wote walikuwa wakilala hivyo. Walifunga midomo yao, wakaacha kuhema. Siku ya maji walijipanga bila kusukumana, wakubwa mbele, wakanywa mpaka mapipa yakakauka, wakageuka wakaenda zao, na hawakuvitazama tena vinyweo mpaka zamu nyingine. Manyoya ya mgongoni yakaanza kusimama, na chini yake, katikati ya mabawa, kila mmoja akaota nundu.

Arbia alifurahi. Alilikunja gunia akalifanya mto.

Aliyesimamia kituo alikuwa Daktari Jawahir, msichana aliyesomea udaktari wa mifugo, aliyezaliwa Garissa akalelewa Nakuru, hivyo Kisomali chake kilikuwa cha kuungaunga na kazini aliona raha kutumia Kiswahili. Hakuwa mtu mbaya. Hili liwekwe wazi mapema, maana mambo yangekuwa mepesi zaidi kama angekuwa mbaya. Alimwita Arbia eeddo, kama shangazi yake wa damu, na alimletea tende. Alimwinua kuku mmoja, akambonyeza mgongoni kwa vidole viwili.

"Eeddo, hii ni nini?"

"Nundu," Arbia akasema.

"Naona. Ni mafuta?"

"Sasa itakuwa nini? Hapo ndiyo inaweka akiba yake."

Jawahir alimbonyeza kuku wa pili na wa tatu. Uso wake uling'aa kwa jasho na furaha. Aliwaweka chini kwa upole, akaagiza jiko moja liongezwe.

Jiko liliongezwa na hakuna aliyekufa. La pili likaongezwa, makaa yakamwagwa hadi juu, mabati yakaanza kulia yenyewe kwa kutanuka, na kuku wakajongea karibu na moto kusikiliza. Walinenepa kuliko broila yeyote aliyewahi kupita pale. Idman, kwa upande wake wa waya, aliendelea kunenepa vilevile, na alipokuja kumsalimu mama yake alikuwa akitembea ameshika kiuno. Arbia akamngoja daktari mlangoni.

"Daktari, mimi natoka lini? Binti yangu mimba imekuwa kubwa."

"Nusu wakifa tu, eeddo."

"Hii haifi. Imezoea."

"Ndiyo maana tumeongeza moto."

"Si useme imefaulu, basi, ifungwe?"

"Imefaulu sana," Jawahir akasema, akamshika mkono. "Ikifaulu hivi ndiyo haiwezi kusimamishwa. Lazima tujue mwisho wao ni wapi. Sheria si yangu, eeddo, wallahi ingekuwa yangu ungeshatoka."

Hapo ndipo Arbia alipoielewa kazi aliyokuwa akiifanya. Kwao, mchungaji aliyepoteza nusu ya kundi alikaa kimya mwaka mzima na hakuna aliyemwuliza neno. Hapa, aliyepoteza nusu ndiye aliyepewa likizo. Yeye alikuwa ametunza kama alivyofunzwa kutunza, na kwa utunzaji huo alikuwa ameufunga mlango na ufunguo akaumeza.

Alijaribu kuharibu alichokijenga. Alifungua vinyweo kutwa kucha ili wadeke na kusahau kiu. Kuku waliyatazama maji yale, kisha wakamtazama yeye, na hakuna aliyeinamisha kichwa kwa sababu zamu ilikuwa bado. Aliacha kuimba. Waliuendeleza wimbo wenyewe, kooni, kwa sauti ya chini, na mkono wake ukawa unapiga ndoo bila ya yeye kutaka.

Adhuhuri moja, baada ya kuswali, aliketi katikati yao juu ya maranda akawaeleza.

"Msinielewe vibaya," aliwaambia. "Nimewalea na sina lawama nanyi hata kidogo. Lakini nina binti, naye siku zake za kujifungua zimekaribia, na kuna mtoto wa kwanza ambaye sikumshika. Nusu yenu mkinifanyia hisani, nusu tu, mimi nitawaombea dua."

Walimsikiliza wakiwa wamepiga magoti, vichwa wameviinamisha upande mmoja. Alipomaliza, jogoo wa kwanza kupata nundu aliinuka, akaja, akalaza shingo yake tupu juu ya mguu wa Arbia. Yeye alikuwa tayari kuchinjwa. Lakini aliyechinjwa hakuhesabika. Jawahir alikuwa ameshasema kwamba lazima wafe kwa joto. Na kumnyonga kiumbe kwa mkono mtupu, awe nyamafu asiyefaa hata kuliwa, ni jambo ambalo Arbia hakuliweza hata kwa ajili ya Idman. Alikipapasa kichwa cha yule jogoo. Baada ya muda jogoo alichoka kungoja, akarudi mahali pake.

Kuhusu Arbia mwenyewe, mabadiliko yalikuja bila kelele. Ukuta wake na ukuta wa kuku ulikuwa mmoja, na moto wao ulikuwa mmoja. Aliacha kutoka jasho. Mkeka wake ulikuwa mkavu kila alfajiri. Chai ilirudi dirishani kama ilivyokuja, na siku ya maji ilipofika alikaa mwisho wa mstari, akanywa ndoo nzima, akajifuta mdomo, akasahau maji. Kisha dera likaanza kumbana katikati ya mabega. Alimwomba Korane amtafutie lingine sokoni, pana zaidi.

"Pana wapi?" Korane akauliza.

"Mgongoni."

Korane alimtazama kidogo, akaitikia. "Kaka yangu Griftu alikuwa na ngamia jike mwenye mgongo wa hivyo. Aliishi sana." Akamletea dera la rangi ya zambarau, linalomfaa.

Idman alijifungua siku ya mnada wa mbuzi, wakati mji mzima ulikuwa na vumbi na makelele. Korane ndiye aliyeleta habari dirishani, na siku hiyo hakuwa na utani.

"Msichana. Wamemwita Kaaha."

"Alhamdulillah. Nani amemwogesha?"

"Jirani."

"Nani anapika?"

"Huyo huyo jirani."

Arbia alirudi ndani akakaa chini akalia. Alilia kwa mabega na kwa koo, muda mrefu, lakini machozi hayakutoka, kwa sababu mwili wake haukuwa tena unatoa maji ovyo. Uchungu ulikuwepo wote. Kuku walimkalia pembeni wakamngoja amalize.

Jirani alifiwa, akaitwa msibani Kotile. Basi Idman alitoka nje kabla siku zake arobaini hazijaisha, akafuata barabara kwa miguu jua likiwa limesimama, akaja hadi kwenye waya na kitoto kifuani. Uso wake ulikuwa umepauka. Mtoto alikuwa mwekundu, nywele zimegandamana kwa jasho, mdomo wazi, akihema haraka haraka. Arbia aliijua ile pumzi. Alikuwa ameiokota kwa gunia asubuhi nyingi.

"Mbona umetoka?" akasema. "Hujamaliza siku zako."

"Nyumbani hakuna mtu, hooyo," Idman akamjibu mama yake. "Na mkokoteni wa maji haufiki kwetu siku hizi. Punda wa yule mzee amekufa."

"Maziwa unayo?"

"Yanapungua."

Arbia alipitisha mkono kwenye waya mpaka bega likagota. Idman alisogea hadi ukingo wa mtaro, akamnyoosha mtoto mbele. Kati ya vidole vya Arbia na kisigino cha mtoto palibaki nafasi ya kupitisha kikombe, na chokaa ilikuwa chini yao.

"Toka basi, hooyo," Idman akasema.

"Bado hawajafa."

Idman aliwatazama kuku kupitia wavu wa chumba. "Hao?"

"Hao."

"Mbona wazima hivyo?"

"Ndiyo taabu yenyewe."

"Si uwanyonge tu? Nani ataona?"

"Nyamafu? Kwa mkono wangu?"

Idman naye alikuwa mjukuu wa Kerrow. Alimfunika mtoto kwa ncha ya ushungi wake akarudi zake, na Arbia alibaki na mkono nje ya waya mpaka Korane akaja kumwambia aurudishe ndani.

Wiki hiyohiyo wakubwa wa kampuni walikuja kutoka Nairobi kuwaona kuku, na wazee wa mji wakaalikwa. Walichinja kumi wakapika na wali. Wazee ambao maisha yao yote walikuwa wakisema kuku si nyama walionja nundu, wakatazamana, wakasogeza sahani. Ilikuwa laini, ikayeyuka ulimini, na mmoja alisema kwamba inamkumbusha harusi yake. Wakubwa walifurahi, wakaamua mambo mengi hapo hapo wakijipepea kwa kofia. Mabanda mapya yangejengwa bila feni na bila kivuli, paa la bati likiwa chini kabisa, maana kuku hawa hawakuhitaji zaidi. Familia za bula ya jirani, mtaa ule wa akina Idman, zingegawiwa kuku kadhaa kila moja. Kisha mtu akauliza kuhusu kisima ambacho bula hiyo iliahidiwa, kisima cha watu na cha kunyweshea kuku. Ilionekana kwamba kuku hawakihitaji. Wakapita kwenye jambo lingine.

Ni mmoja wa hao wakubwa aliyemwona Arbia. Walikuwa wameingia chumba cha joto, baada ya kukanyagishwa beseni la dawa getini, na mashati yao yalikuwa yameshika migongo. Mmoja alikuwa amezimia, akatolewa nje. Arbia alisimama kando ya jiko, uso mkavu, dera kavu, akingoja waulize wanachotaka kuuliza. Mkubwa alimnong'oneza Jawahir. Jawahir akaja, akamwomba Arbia ageuke, na kwa vidole vile vile viwili akambonyeza katikati ya mabega, taratibu, kwa adabu.

"Inauma, eeddo?"

"Haiumi. Inakuwa nzito siku ya maji tu."

"Na mama yako? Naye alikuwa hivi?"

Tangu aingie mjini, hakuna aliyewahi kumuuliza Arbia habari za watu wake. Aliulizwa kitambulisho, aliulizwa namba ya simu, aliulizwa amepanga wapi. Swali la mama yako alikuwa nani lilimshika pabaya, na kifua chake kilifunguka bila ruhusa. Akasimama wima. Akaanza kutaja.

Alisema mama yake alikuwa Mulki, aliyetembea kutoka Griftu hadi mtoni nyuma ya ngamia na kiriba kimoja cha maji, akampa ndama. Alisema mama wa Mulki alikuwa Istahil, ambaye mwaka wa kiu kubwa alijifungua njiani, akamfunga mtoto mgongoni, akalikuta kundi kabla ya magharibi. Alisema mama wa Istahil alikuwa Saado, na Saado alinyonya kijiwe kutoka kisima hadi kisima na hakuwahi kuonekana akiomba. Aliwapanga wanawake hao mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya kisimani, na kuku waliinua vichwa. Sifa za ukoo zikianza haziachwi katikati, lazima zishuke mpaka kwa mdogo kabisa, na Arbia alishuka nazo.

"Na Idman wangu," akasema. "Huyo alichunga mbuzi Ramadhani mchana kutwa, hajafika hata umri ya kufunga, na akafunga. Hajalia. Muulize mtu yoyote ya Modogashe."

Neno lilipotoka ndipo alipoyaona macho ya Jawahir. Aliyajua. Yalikuwa macho ya Kerrow pale alipoambiwa kwamba kuna ngamia jike wa ukoo mzuri, mahali fulani, na ana ndama.

"Idman ana mtoto, eeddo?" Jawahir akauliza kwa upole. "Wa kike au wa kiume?"

Arbia alitaka kunyamaza. Alitaka hata kudanganya, akalitafuta neno la uwongo mdomoni mwake kote. Lakini uwongo wa kila aina aliweza, wa sokoni na wa kwa jirani, isipokuwa uwongo juu ya ukoo. Ulimi haukufundishwa.

"Wa kike," akasema.

Jawahir alimshika mikono yote miwili. Alikuwa karibu kulia, na yeye machozi alikuwa nayo. "Si ndicho ulichokuwa unataka, eeddo? Ukae naye?"

"Ndiyo nilitaka."

"Basi si tumlete."

Hawakumlazimisha Idman. Walienda wakamwambia kwamba mama yake yuko tayari kumpokea, kwamba kuna chakula dirishani kila siku na kwamba maji yapo siku yake ikifika. Jambo la mwisho ndilo lililomwinua. Alifika na kifurushi chake kimoja, jua likiwa bado halijawa kali. Korane alifungua geti. Idman alikanyaga beseni la dawa mguu mmoja mmoja, na daktari, kwa kuwa sheria haikumtaja mtoto wala kumwacha, alivitia dawani vidole vya miguu vya Kaaha pia, akavipangusa. Geti likafungwa. Korane alikaa kwenye kiti chake akatazama barabara, na ilipofika saa ya chakula alipitisha sahani mbili.

Arbia alitimiza ahadi. Alimkanda binti yake mgongo na nyonga. Alimpikia supu ya nundu. Alifukiza ubani juu ya kaa la jiko la kuku, akamshika Kaaha usiku na mchana ili Idman alale, na Idman alilala kama hajawahi kulala. Zile siku za arobaini zilizobaki zilikwisha kwa heshima zote, ndani, kama inavyotakiwa. Aliyewahi kumwona Arbia akimwogesha mjukuu wake kwa kiganja cha maji angesema huyu mama amepata alichokiomba, na hangekosea.

Siku ya kutoka arobaini Idman alivaa vizuri, akampaka mtoto wanja, akakaa na mama yake chini ya dirisha la chuma.

"Sasa tunatoka lini, hooyo?"

"Nimemuuliza daktari."

"Akasemaje?"

"Sheria ni ile ile. Nusu wakifa."

Idman aliwatazama kuku. Walikuwa wamepiga magoti kuuzunguka moto, wanono, macho wamefumba, hakuna aliyekuwa na haraka. Aliwatazama muda mrefu. Kisha akamtazama mama yake, na mtoto, na mikono yake mwenyewe ambayo ilikuwa mikavu.

"Nusu ya nani, hooyo?"

Arbia alinyoosha mikono akampokea Kaaha, akamlaza kifudifudi mapajani. Mtoto alikuwa ametulia. Hakuwa mwekundu tena. Alipumua taratibu, mdomo umefungwa, na shingo yake haikuwa na tone la jasho. Arbia alimpapasa mgongo kwa vidole viwili kutoka chini kwenda juu, na katikati ya mabega vikasimama.

Mlango wa nje ukafunguliwa. Vijana wawili waliingiza jiko jipya, wakaliweka upande wa kibanda badala ya upande wa kuku, na Jawahir akapita nyuma yao na pakiti ya tende, akawasalimu wote watatu kwa majina. Aliuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Idman akasema ananyonya vizuri. Daktari alipoondoka makaa yakaanza kushika, na mabati yakaanza kulia.

Kaaha alifungua mdomo kutaka maziwa. Arbia alimtazama binti yake, akatikisa kichwa, akavuta ndoo karibu. Alianza kuipiga kwa kiganja, taratibu, kwa sauti ya chini, na kuku wakaupokea wimbo. Siku ya maji ilikuwa bado.